Uzi maalumu: FreeBSD (mfumo endeshi) ndani ya mashine pepe (VM) kwenye ARM (Raspberry Pi, Mac za M, Orange Pi, simu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Malalamiko ni yale yale kila uzi wa Raspberry Pi unapofunguliwa: "Nimeweka FreeBSD ndani ya VM, inajikokota, ARM haifai." Napinga. Mara nyingi anayejikokota hapo si ARM. Ni QEMU, programu inayoendesha VM, inayotafsiri amri moja moja za prosesa, kazi ambayo prosesa ingeifanya yenyewe, na mwenye mashine hana habari kwamba ndivyo ilivyo. Kabla hujalaumu kifaa, hakikisha KVM, sehemu ya Linux inayomwachia mgeni (mfumo ulio ndani ya VM) atumie prosesa yenyewe moja kwa moja, inafanya kazi. Uzi huu kwa sehemu kubwa ni huo uhakiki, mengine ni nyongeza.

Tuanzie chini kidogo. Prosesa za ARM za biti 64 zina ngazi nne za mamlaka. EL0 ni ya programu za kawaida, EL1 ya kerneli, EL2 ya haipavaiza (msimamizi wa VM), na EL3 ya fimuwea ya usalama. Linux ikikabidhiwa mashine na fimuwea ikiwa bado kwenye EL2, KVM inapata mahali pa kukaa. Ikikabidhiwa ikiwa imeshashushwa hadi EL1, hakuna KVM, hata prosesa iwe mpya kiasi gani. Kwa hiyo suala si chipu peke yake, ni nani aliiwasha na alikuachia ngazi ipi. KVM ya ARM imo ndani ya Linux tangu toleo la 3.9, mwaka 2013, na ya biti 64 iliingia mwaka huo huo kwenye 3.11, kwa hiyo hili si jambo la majaribio tena.

Kwenye Pi 4 au Pi 5, andika:

`dmesg | grep -iE 'EL2|kvm'`

Unatafuta mstari unaosema `CPU: All CPU(s) started at EL2`, na mwingine wa kvm wenye maneno `initialized successfully`. Pi 4, yenye Cortex-A72, itakuandikia "Hyp mode". Pi 5, yenye Cortex-A76, itakuandikia "VHE mode", maana A76 ni kizazi cha ARMv8.2 na VHE iliingia kwenye 8.1. Faida ya VHE ni kwamba kerneli ya mwenyeji (Linux ya nje) inakaa palepale EL2, haipandi na kushuka kila mgeni anapohitaji kitu.

Halafu `ls -l /dev/kvm`. Kama ipo, jiingize kwenye kundi lake: `sudo adduser $USER kvm`, utoke, uingie tena. Usiendeshe QEMU kwa root kwa sababu ya uvivu tu.

Sasa kuna mtego unaowanasa watu wengi. Raspberry Pi OS ya biti 32, tangu 2023, inawasha kerneli ya biti 64 kwenye Pi 4. Ukiandika `uname -m` inakujibu `aarch64`, unafurahi, kumbe programu zote zilizo juu yake, QEMU ikiwemo, ni za biti 32, na hiyo QEMU haitaigusa KVM. Muulize dpkg:

`dpkg --print-architecture`

Akikujibu `armhf`, acha kila kitu, futa, weka toleo la biti 64. Usihangaike kulitibu. Ukiona `arm64`, tuendelee.

`sudo apt install qemu-system-arm qemu-utils qemu-efi-aarch64`

Kisha shusha faili la diski la FreeBSD kwenye ukurasa wao wa matoleo, sehemu ya VM-IMAGES, folda ya aarch64. Unalotaka linaishia na `qcow2.xz`. Zipo za UFS na za ZFS, mifumo miwili ya kupanga mafaili. Kama mgeni utampa RAM ya GB 1 au 2, chukua UFS. ZFS ni nzuri lakini ina njaa ya kumbukumbu, na kwenye Pi utaijutia. Kwa wenye bando la kuungaunga, tumia `wget -c` ili ikikatika iendelee ilipoishia, na mwisho linganisha `sha512sum` na faili la CHECKSUM lililopo palepale. Faili lililokatika katikati litakuzungusha usiku kucha likijifanya tatizo la UEFI (fimuwea inayoiwasha VM).

Fungua kwa `unxz`, lipe jina fupi, liongezee nafasi: `qemu-img resize bsd.qcow2 +20G`. Usiogope hizo GB 20, qcow2 inakula diski kadiri unavyoandika, haizichukui zote leo.

Kuwasha:

`qemu-system-aarch64 -M virt,gic-version=host -accel kvm -cpu host -smp 2 -m 2048 -bios /usr/share/qemu-efi-aarch64/QEMU_EFI.fd -drive file=bsd.qcow2,if=virtio -nic user,model=virtio-net-pci,hostfwd=tcp:127.0.0.1:2222-:22 -nographic`

Angalia `-accel kvm` iko peke yake. Kuna miongozo huko nje inayoandika `-accel kvm -accel tcg`, maana yake KVM ikikataa, QEMU inahamia kwenye kutafsiri, ila VM inawaka. Hapo ndipo "ARM haifai" inapozaliwa. Mimi nataka ikikosa KVM igome waziwazi nijue.

Na usiache kuandika `-cpu`. Mashine ya `virt` isipoambiwa inachukua cortex-a15, prosesa ya biti 32. Bila KVM, unampa diski ya arm64, anakupa skrini tupu. Hakuna kosa linaloandikwa, hakuna herufi hata moja, umekaa tu unatazama.

Ikiwaka, ingia kama `root`, haina nywila. Weka nywila papo hapo kwa `passwd`. Tengeneza mtumiaji kwa `adduser` na umtie kwenye kundi la wheel, kwa sababu sshd ya FreeBSD haimpokei root kwa nywila. Kisha:

`sysrc ifconfig_vtnet0=DHCP sshd_enable=YES ntpd_enable=YES`

Kama `df -h` inaonyesha diski bado ndogo, `service growfs onestart` itaipanua. Kadi ya mtandao ni `vtnet0` na diski ni `vtbd0`, zote virtio, yaani vifaa pepe vya VM. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kuiweka ndani ya VM badala ya kuiweka moja kwa moja kwenye Pi: FreeBSD 14 haina draiva ya Wi-Fi ya ndani ya Pi, lakini ndani ya VM Linux inabeba mzigo huo na mgeni hajui kinachoendelea nje.

Kuhakiki kwamba kweli ni KVM: bonyeza Ctrl-a kisha c, utaingia kwenye monita ya QEMU. Andika `info kvm`. Ikisema `enabled`, umemaliza. Ctrl-a c tena kurudi. Kuzima, tumia `shutdown -p now` ndani ya mgeni. Ctrl-a x ni sawa na kuchomoa waya.

Kwa nini FreeBSD? Kwa sababu tangu 13.0 ya Aprili 2021 arm64 iko daraja la kwanza kwao, yaani masahihisho ya usalama yanakuja kwa `freebsd-update` na programu kwa `pkg`, hukai ukikompaili. Na kwa sababu nataka pf (ngome ya mtandao) na jail (vyumba vya kutenga programu) bila kununua mashine nyingine. OpenBSD na NetBSD nazo zinakwenda kwa njia hii hii, ukiacha majina ya mafaili.

Uwanja wenu.

#2 Mchangiaji

Nimekaa siti ya mbele. Ile ya dpkg imenigusa, yangu imejibu armhf. Hivi hakuna namna ya kuhamia 64 bila kufuta? Nina vitu vyangu humo.

#3 Mleta uzi

Namna zipo ila zote ni za kujitakia presha, mkuu. Nakili /home yako kwenye flashi, andika upya. Na ukiwa kwenye kazi hiyo, hamia SSD ya USB 3 kabisa. Kadi ya SD ikibebeshwa VM inayoandika logi muda wote haimalizi safari. Kwa wenye Pi 5, M.2 HAT+ na NVMe ndiyo njia.

#4 Mchangiaji

Mkuu heshima kwako. Mimi niko kwenye MacBook ya M1, natumia UTM (programu ya VM za Mac). Nimeshusha FreeBSD ISO ya amd64 kama ninayoitumia kazini, inawaka vizuri tu, ila kufungua `pkg` unaweza kwenda kula ukarudi. RAM nimeipa GB 4. Niongeze?

#5 Mleta uzi

Usiongeze hata moja. Umebeba amd64 kwenye ARM, hapo UTM inaigiza prosesa nzima ya Intel. RAM haihusiki.

Unapotengeneza VM mpya UTM inakuuliza swali la kwanza kabisa: Virtualize au Emulate. Ukichagua Virtualize na diski ya aarch64, QEMU iliyo ndani ya UTM inatumia haipavaiza ya Apple. Uwezo huo kwenye Mac za M umo ndani ya QEMU tangu 6.2, Desemba 2021. Ukichagua Emulate, kila amri inapita kwenye mkalimani. Kisanduku cha Apple Virtualization kiache bila tiki kwa ajili ya FreeBSD, tumia upande wa QEMU.

Kazi zako za kazini, kama ni skripti, nginx, PostgreSQL, Python, zote zipo kwenye `pkg` ya aarch64, hutaona tofauti. Kitu kidogo cha kujua: ndani ya FreeBSD `uname -m` inasema `arm64`, na `uname -p` ndiyo inasema `aarch64`. Linux inasema `aarch64` kwenye `-m`. Skripti nyingi za kusakinisha programu hukwama hapo tu, zikidhani umeleta kifaa kisichojulikana. Na kama una programu moja ya amd64 isiyo na mbadala, kodi VPS ndogo ya amd64, usiitese Mac.

#6 Mchangiaji

Mimi nauliza kiroho safi. Kwa nini mtu ajisumbue hivi wakati Docker ipo? Na mini PC ya Intel iliyotumika ukienda Kariakoo unapata yenye RAM 8, haina haya mambo ya EL2 wala EL3.

#7 Mleta uzi

Maswali mawili tofauti hayo.

Docker kwenye Pi inatumia kerneli ya Linux iliyopo. Kontena halina kerneli yake. Mimi nikitaka pf, jail, au kujaribu toleo jipya la FreeBSD, nahitaji kerneli ya FreeBSD, na hiyo inaletwa na VM tu. Kama kazi yako ni kuendesha nginx na database, kaa na Docker, huna haja ya uzi huu.

La mini PC, sikupingi. Kwa pesa hiyo hiyo, kama unaanzia sifuri na lengo ni maabara ya VM nyingi, mini PC inashinda kwa RAM na diski. Pi inashinda kwa wale walionayo tayari, na kwa umeme: Pi 4 inaishi na adapta ya volti 5, ampea 3. Wenye sola au UPS ndogo wananielewa. Na wenye Mac za M hawana la kuchagua, ARM ndiyo wanayo.

#8 Mchangiaji

Orange Pi 5 hapa, RK3588. EL2 ipo, /dev/kvm ipo, niko kwenye kundi la kvm. Amri yako nimeikopi kama ilivyo. Mara inawaka, mara inagoma na `Invalid argument` kwenye vcpu. Amri ile ile, mkuu! Nikirudiarudia inakubali. Nimeanza kudhani bodi ina tatizo.

#9 Mchangiaji

Niruhusuni nijibu, hii niliipata kwenye RK3399.

Bodi yako ni nzima. RK3588 ina prosesa za aina mbili ndani ya chipu moja, Cortex-A55 nne na Cortex-A76 nne. `-cpu host` maana yake "mpe mgeni prosesa kama ya mwenyeji", sasa mwenyeji ana mbili, QEMU ishike ipi? Ikianza kwenye A55 kisha Linux ikaihamishia uzi wake mmoja wa kazi (thread) kwenye A76, KVM inakataa. Ikibahatika kubaki upande mmoja, inawaka. Ndiyo maana inakubali siku nyingine.

Ifungie upande mmoja:

`taskset -c 4-7 qemu-system-aarch64 ...` na hayo mengine kama yalivyo.

Kwenye RK3588 namba 4 hadi 7 ndizo A76, zile za nguvu. Hakikisha kwa `lscpu -e` kabla. Na `-smp` isizidi 4, maana cha kugawana ni hizo nne.

#10 Mchangiaji (#8)

IMEKUBALI. Nimezima na kuwasha mara kadhaa, haijagoma tena. Mungu akubariki mkuu, nilikuwa nimeshaandika tangazo la kuiuza.

#11 Mleta uzi

Hiyo ya #9 ni nondo. Nyongeza kwa wenye bodi hizo: acheni `gic-version=host` kama ilivyo. Pi 4 na Pi 5 zina GIC toleo la 2, RK3588 ina la 3. Ukikopi mwongozo wa Pi ulioandikwa `gic-version=2`, kwenye Orange Pi utagonga ukuta. GIC ndiye mgawaji wa miito ya vifaa kwenda kwenye prosesa. Toleo la 2 mwisho wake prosesa nane kwa VM, ambazo kwenye Pi hata hunazo.

#12 Mchangiaji

Na sisi wa simu? Nina Samsung, RAM 12, prosesa ya Snapdragon. Hiyo ni zaidi ya Pi. Nimeweka Termux, `qemu-system-aarch64` imo. /dev/kvm sina. Niki-root simu itakuja?

#13 Mleta uzi

Haitakuja, kaka, na usiharibu simu kwa ajili hiyo. Rudi kwenye post ya kwanza: ni nani aliiwasha na alikuachia ngazi ipi. Simu nyingi za Snapdragon zinaamka EL2 ikiwa imeshakaliwa na haipavaiza ya Qualcomm wenyewe. Kerneli ya Android inakabidhiwa EL1. Root inakupa mamlaka juu ya kerneli, lakini hiyo kerneli yenyewe iko chini ya mwenye nyumba.

Google walikwenda njia tofauti. Kuanzia Pixel 6 na Android 13 wameweka KVM yao iliyokazwa, na Machi 2025 Pixel zikapata programu ya Terminal inayoendesha Debian ndani ya VM halisi. Unaiwasha kwenye mipangilio ya wasanidi. Hiyo ni Debian lakini, si FreeBSD.

Kwa Samsung yako, Termux itakwenda kwa kutafsiri tu. Ondoa `-accel kvm` na `gic-version=host`, weka `-accel tcg,thread=multi -cpu cortex-a72`. Usiweke `-cpu max` ukidhani max ni kasi; max ni kila kipengele kinachojulikana, na vingine, kama kutia saini anwani za kumbukumbu, vina gharama kubwa kuvitafsiri. Njia ya UEFI pia ni nyingine, maana Termux haina /usr/share ya Debian. Itawaka, utajifunza amri, utaandika skripti. Kukompaili kitu humo, sahau.

#14 Mchangiaji

Wakuu, Pi 4, kila kitu kiko sawa kama uzi ulivyosema. Tatizo: umeme ukikatika na kurudi, VM inawaka yenyewe (nimeiwekea systemd) lakini `pkg update` inagoma, inasema cheti bado hakijaanza kutumika. Nikisubiri sana inapona yenyewe. Na kingine, `ping 8.8.8.8` haijawahi kunijibu ndani ya VM, hata siku ambayo `pkg` inafanya kazi.

#15 Mleta uzi

La ping ni rahisi: mtandao wa `-nic user` hauko kamili kwa ICMP (itifaki ya ping), QEMU inahitaji ruhusa ya mwenyeji kutuma ping kwa niaba ya mgeni. TCP na UDP zinapita. Pima mtandao kwa `fetch`, si kwa ping. Mgeni anajiona 10.0.2.15, mwenyeji yuko 10.0.2.2, DNS 10.0.2.3.

La cheti ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika inaamka na saa ya mwisho iliyokumbuka, yaani imechelewa kwa muda wote wa giza. Ikisubiri ruta iwake na ISP irudi, VM yako imeshaamka na kuirithi saa hiyo ya zamani. Seva ikileta cheti kilichotolewa jana, mgeni anaona ni cha kesho.

Kwa upande wa mwenyeji, mfanye systemd asubiri saa: `sudo systemctl enable systemd-time-wait-sync`, na kwenye huduma yako ya VM ongeza `Wants=time-sync.target` na `After=time-sync.target`. Kwa mgeni, `sysrc ntpd_sync_on_start=YES`, ili ntpd iruhusiwe kuruka pengo kubwa mara ya kwanza badala ya kuvuta taratibu. Ukitaka dawa ya kudumu, kimoduli cha DS3231 kwenye pini za Pi na `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye /boot/firmware/config.txt. Pi 5 saa inayo, inadai betri tu.

#16 Mchangiaji

Asanteni. La mwisho na mimi: nataka VM mbili, moja iwe ngome ya pf, nyingine iwe nyuma yake. Nimejaribu daraja (bridge) juu ya wlan0 ya Pi, haitoki kitu.

#17 Mleta uzi

Daraja juu ya Wi-Fi halitafanya kazi. Ruta inamjua Pi kwa MAC (anwani ya kadi ya mtandao) moja aliyojiunga nayo, fremu zenye MAC nyingine hazipokei. Daraja weka kwenye waya wa eth0.

Ila kwa maabara yako huhitaji daraja. VM ya kwanza, ile ngome, iachie `-nic user` yake, uiongezee kadi ya pili:

`-nic socket,model=virtio-net-pci,mac=52:54:00:00:00:01,listen=127.0.0.1:5555`

VM ya pili isiwe na `-nic user` kabisa, bali hii tu:

`-nic socket,model=virtio-net-pci,mac=52:54:00:00:00:02,connect=127.0.0.1:5555`

Hizo MAC usiziache. QEMU isipopewa, inaanza kuhesabu kutoka 52:54:00:12:34:56 kwenye kila VM, kwa hiyo VM mbili zilizowashwa mbali mbali zinaweza kupata anwani ile ile, na hapo utakesha ukisoma sheria za pf ambazo hazina kosa. Anza na ngome, yule wa pili akija awe na wa kumpokea. Kwenye ngome `vtnet1` ipe 10.9.0.1/24, washa `gateway_enable=YES` na `pf_enable=YES`, na kwenye /etc/pf.conf anza na mstari mmoja wa nat:

`nat on vtnet0 from 10.9.0.0/24 to any -> (vtnet0)`

Wa nyuma mpe 10.9.0.2, njia yake kuu 10.9.0.1, DNS 10.0.2.3. `fetch` ikijibu kutoka kwa wa nyuma, ndipo uanze kuandika sheria za kuzuia.